Gauni la Chaza kwenye Meza ya Fundi

Mteja wangu alitandika kwanza khanga juu ya meza ya kukatia, ndipo akaweka kitabu. "Usikiguse na mikono ya chaki, fundi," akasema. Nikajifuta kwenye suruali. Jaladani kuna uso wa mwanamume. Ukikiinamisha kitabu kidogo, uso unageuka fuvu. Mjukuu wangu aliyekuwa akichambua vifungo alitoka mbio.

Mwenye uso ni mbunifu wa mavazi Alexander McQueen, na kitabu kinaitwa Savage Beauty. Kilitolewa mwaka 2011, mwaka mmoja baada ya kifo chake, sambamba na maonyesho ya mavazi yake katika jumba la makumbusho la Metropolitan, New York. Watu zaidi ya 660,000 walikwenda kuyatazama. Picha ni za Sølve Sundsbø. Unaowaona ndani ni wanawake hai, ila wamepakwa rangi na picha zikahaririwa hadi wanafanana na midoli ya dukani. Sikupenda. Nguo naipima kwa jinsi inavyokaa mtu anapopumua.

Lakini maisha ya mtu huyu yaliniingia. Baba yake aliendesha teksi London. Yeye aliacha shule akiwa na miaka 16, akaenda kujifunza ushonaji Savile Row, mtaa wa suti za wakubwa. Mwaka 1992, alipomaliza chuo cha Central Saint Martins, mhariri wa mitindo Isabella Blow alinunua nguo zake zote za mahafali kwa pauni 5,000, akilipa kidogo kidogo. (Nami nina wateja wa kidogo kidogo, ila wengi huishia kile kidogo cha kwanza.)

"Hili hapa," mteja akaonyesha. Gauni la Chaza, la mwaka 2003. Juu ni shifoni iliyoraruka, kama ya mtu aliyeopolewa baharini, maana nguo za msimu ule zilisimulia ajali ya meli. Chini ni oganza ya hariri, tabaka kwa tabaka, kingo zimepishana kama ganda la chaza. Alilitaka kwa harusi ya mdogo wake.

Nilikaa na ukurasa ule muda mrefu. Sketi ile ina mamia ya maduara. McQueen alichora mistari ya kupindapinda kwa kalamu, maduara yakakatwa, yakaunganishwa, yakashonewa kufuata mistari hiyo. Siri iko kwenye duara lenyewe. Litoboe katikati, lipasue toka ukingoni hadi kwenye tundu, kisha unyooshe ukingo wa ndani. Ule wa nje ni mrefu kuliko wa ndani, hauna pa kwenda, basi unajikunja wenyewe mawimbi mawimbi bila kufinywa hata rinda moja.

Nilichukua kipande cha oganza ya bei rahisi nikamkatia mteja duara moja palepale. Likaanguka kama nilivyosema. Akafurahi, akaniuliza lote litachukua siku ngapi. Nikamwambia, "Dada, hesabu kingo za hapa kiunoni hadi gotini tu." Alianza kuhesabu kwa ukucha, asiguse karatasi. Alipofika sitini na kitu akapotea, akaanza upya, akapotea tena.

Tumekubaliana mikono tu. Maduara ishirini kila upande, na nusu ya fedha kaiacha mezani.