Mupira mudogo unainua waaskari

Askari anarudi kutoka vita bila muguu. Lopitali imefunga kidonda, lakini nani atamutoa ndani ya nyumba? John Simpson, Mwingereza aliyepata polio utotoni, alisimamia kazi za wachezaji wakubwa wa golfu kama Nick Faldo. Katika mwaka 2010 akaanzisha On Course Foundation, shirika la kufundisha golfu waaskari walioumia na kuwasaidia kupata kazi katika mchezo ule.

Sababu gani golfu? Mupira unalala chini, unakungojea. Hakuna mutu wa kukusukuma. Hata mwenye mukono mumoja anapiga. Tena kuna hesabu ya kupunguzia mwenye uzaifu mapigo, acheze na mwenye nguvu bila haya. Tangu 2012 waaskari wa Uingereza na wa Marekani walianza kushindania kikombe cha Simpson.

Huko Michigan, bingwa Jack Nicklaus alichora uwanja wa American Dunes bila kulipwa. Ulifunguliwa 2021, faida yake inalipia masomo familia za waaskari waliokufa ao kuumia.

Vijana, muone: Nicklaus alitoa ufundi wake. Kwetu pia vilema wa vita na wa mashimo ya mine wanashinda mulangoni. Mwenye kujua mupira, mwenye kujua kushona, aite mumoja wao.