Ngalawa ya Mfano: Zana ya Kufundishia Uwiano

Mtoto aliyelelewa pwani ya Pemba huunda chombo kabla hajajua kuandika jina lake. Kwanza hukiunda kwa karara la mnazi au kwa kumvi. Akikua kidogo huchonga kipande cha msufi au hukata kandambili kuukuu, akatia mlingoti wa njiti, akatweka tanga la kitambaa, kisha akakimbizana nacho kwenye maji yanayojaa. Wapo ambao mchezo huu hauwatoki hata utu uzimani. Huchonga majahazi na ngalawa za mfano kwa subira ya miezi, wakazitia kila kamba mahali pake. Anayezuru Makumbusho ya Lamu ataona kazi za namna hiyo zimehifadhiwa kwa heshima.

Makala haya yanakusudia kumweleza mwanachuo namna mchezo huu unavyoweza kuwa zana ya kufundishia uwiano, eneo na uzito katika madarasa ya juu ya skuli za msingi. Kadhalika yanaeleza kosa nililolifanya mimi mwenyewe, ili mwenzangu asilirudie.

Mfano ni nini?

Si kila chombo kidogo ni mfano. Mwanasesere hufanana na kitu. Mfano hukifuata kitu kwa kipimo. Tukisema kipimo ni 1 kwa 10, maana yake kila urefu katika chombo cha kweli umegawanywa kwa 10 bila upendeleo. Ngalawa ya mita 6 itakuwa na mfano wa sentimita 60; mlingoti wa mita 4 utakuwa sentimita 40; ubavu wa sentimita 60 utakuwa sentimita 6.

Mwalimu asidhani kwamba wazo hili ni geni kwa wazee wetu. Mafundi wa vyombo wa mwambao wamejenga kwa karne nyingi bila ya michoro ya karatasi. Walipima kwa viungo vya mwili: pima moja ni dhiraa 4, na dhiraa moja ni shibiri 2. Fundi hukisia mlingoti kwa kuulinganisha na urefu wa chombo, na foromali kwa kuilinganisha na mlingoti. Huo ndio uwiano wenyewe, ila haujaandikwa.

Matayarisho

Jambo la kwanza ni kupima chombo cha kweli. Wapeleke wanafunzi pwani wakati maji yamekupwa na ngalawa zimekaa mchangani. Muombe mwenye chombo ruhusa siku moja kabla, kwa adabu inayostahiki, na umshirikishe kama mwalimu mwenzako. Kila kikundi cha wanafunzi watano, wavulana na wasichana pamoja, kipime sehemu yake na kuandika katika jedwali lenye safu tatu: jina la sehemu, kipimo cha kweli, kipimo cha mfano.

Vifaa havihitaji fedha nyingi: gogo la mti mwepesi kama msufi, kisu kikali, msasa, njiti za mianzi, kamba nyembamba, na kipande cha marekani au kitambaa kingine chepesi.

Kuunda na kutia kamba

Gogo lichongwe kwa nje kwanza, kisha likombwe ndani. Pande zote mbili zifungwe marengu, yaani vile vibao vinavyoizuia ngalawa isipinduke, kwa miti miwili iliyokingama juu ya chombo. Mlingoti usimamishwe na ukazwe. Foromali hufungwa tanga la pembe tatu, na hupandishwa kwa jarari. Pembe ya nyuma ya tanga hutiwa kamba iitwayo demani, ambayo nahodha huikaza au huilegeza kufuatana na upepo. Mwisho hutiwa usukani.

Usiwaambie wanafunzi kazi ya kila kamba. Waache waifungue mmoja mmoja, watazame tanga linafanya nini, kisha waeleze wenyewe.

Kosa nililolifanya

Miaka michache iliyopita nilikuwa nikisimamia mazoezi ya kufundisha katika skuli moja ya kaskazini mwa Pemba. Mimi na mwanachuo wangu tuliwaongoza wanafunzi wa Darasa la Sita kuunda ngalawa kwa kipimo cha 1 kwa 10. Tulikuwa wakali wa vipimo. Hata sentimita moja haikupotea. Siku ya kuishusha majini darasa zima lilikusanyika, na baadhi ya wazee wakaja kutazama. Tukaiweka kwenye dimbwi, upepo ukavuma, na ngalawa ikapinduka. Tuliisimamisha mara tatu, ikapinduka mara tatu. Wazee walikuwa na murua, hawakucheka. Lakini wanafunzi walicheka.

Hapo mvulana mmoja, ambaye katika muda wote wa mazoezi hakuwahi kujibu swali la Hesabu, akasema taratibu: "Mwalimu, tanga kubwa. Na farumi hamna." Nilimruhusu. Alilikunja tanga likabaki kama theluthi mbili, akayasogeza marengu nje zaidi, na akapanga vijiwe chini kabisa ya chombo. Ngalawa ikashika upepo, ikavuka dimbwi.

Nilirudi nyumbani nikiwa nimefedheheka, kwa sababu jibu lilikuwa katika Hesabu niliyokuwa nikiifundisha, nami sikuliona. Tulitazame pamoja.

Tuseme tanga la kweli lina kitako cha mita 4 na kimo cha mita 4. Eneo lake ni nusu ya 4 mara 4, yaani mita za mraba 8. Tanga la mfano lina kitako cha sentimita 40 na kimo cha sentimita 40. Eneo lake ni sentimita za mraba 800, yaani mita ya mraba 0.08. Urefu umegawanywa kwa 10, lakini eneo limegawanywa kwa 100. Uzito nao hufuata ujazo, ambao una urefu, upana na kina; kwa hiyo umegawanywa kwa 1,000. Chombo cha kilo 300 pamoja na watu wake kingekuwa na mfano wa gramu 300.

Sasa angalia: tanga limepungua mara 100, lakini uzito unaolipinga umepungua mara 1,000. Upepo wenyewe haukupungua hata kidogo, kwani upepo haujui kipimo cha mwalimu. Ndiyo sababu mfano ulio sahihi kwa vipimo vyote hupinduka kwa wepesi mara 10 kuliko chombo chenyewe. Kinachofaa kuwekwa sebuleni hakifai majini mpaka tanga lipunguzwe, marengu yapanuliwe, au farumi iongezwe. Yule mvulana aliyafanya yote matatu bila kuandika tarakimu moja.

Kutoka mkononi hadi daftarini

Ningependa kusema kwamba tangu siku ile mvulana huyo alifaulu. Haikuwa hivyo. Wiki mbili baadaye tulitoa jaribio, na swali la uwiano akalikosa kama kawaida yake. Lilihusu mifuko ya saruji.

Hili ndilo fundisho kubwa kuliko lile la tanga. Maarifa ya mkono hayavuki yenyewe kwenda daftarini. Yanahitaji daraja, na mjenzi wa daraja hilo ni mwalimu. Mimi nilikwisha mpigia makofi, nikadhani kazi imekwisha. Tulipomwita tena na kumtaka aandike alichokifanya, aliandika: "Tanga lilikuwa 3, nikaliacha 2." Tukamwonesha kwamba hiyo ni 2 kwa 3. Tukamuuliza farumi ilikuwa vijiwe vingapi, na ngalawa yenye urefu maradufu ingehitaji vingapi. Alisema mara mbili, akaenda kujaribu, akarudi akisema havitoshi. Alipokubali kwamba havitoshi, alianza kujifunza ujazo. Safari hiyo ilikuwa ndefu, na mazoezi yetu yalimalizika kabla hajafika mwisho, lakini alikuwa amekwisha kung'oa nanga.

Kwa hiyo, kila tendo la pwani lifuatwe na kipindi cha darasani. Mwanafunzi achore, aandike jedwali, atabiri kwa tarakimu, ajaribu majini, kisha asahihishe utabiri wake.

Masomo mengine

Historia nayo haikosi fungu lake. Mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba za nazi na kutwekwa tanga la mkeka, hakiendi tena baharini. Tunakijua kwa njia ya mifano na vyombo vilivyojengwa upya. Wanafunzi wanaoweza kusuka ukili wataweza kuliunda tanga lake. Katika somo la mazingira, waelezwe habari ya Flipflopi, jahazi lililojengwa Lamu kwa plastiki na kandambili zilizotupwa, likashushwa majini mwaka 2018 na kusafiri hadi Unguja mwaka 2019. Watoto wa Pemba hawatastaajabu sana, kwani kandambili wamezisafirisha siku nyingi.

Tahadhari

Visu vihesabiwe kabla na baada ya kipindi. Maji yetu hupanda na kushuka kwa karibu mita 4 wakati wa bamvua. Mwalimu ajue saa za kujaa kabla ya kuondoka skuli, na majaribio yafanywe dimbwini, si baharini. Anayekimbilia ngalawa iliyochukuliwa na maji arudishwe mara moja; ngalawa nyingine itachongwa.

Hitimisho

Mwanachuo atakapopangiwa skuli ya pwani, atakuta darasani mafundi wadogo ambao rejesta imewaandika kuwa ni wazito. Asiwadharau, na wala asitosheke kuwasifu. Awape chombo wakiunde, kisha awape kalamu waeleze kwa nini kimeelea.