Mizani ya Uwongo na Kilo za Korosho

Uzushi upo, tena wadhuru. Picha ya aibu ya binti wa watu, ikishaingia katika simu, huenea Masasi na Newala kabla ya jua kuchwa. Serikali inayolifumbia macho jambo hilo haitimizi wajibu wake.

Lakini sheria nayo yafaa ipimwe. Kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 chamtoza atangazaye uwongo kwa makusudi faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Novemba 2018 Serikali ilitangaza kununua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Kwa bei hiyo, faini ile ni zaidi ya kilo 1,500! Mkulima wa Lupaso atazitoa wapi?

Na aliyeandika msimu ule kwamba hajalipwa, alikuwa mzushi au shahidi? Kanuni za 2018 zilitaka maandishi yaliyokatazwa yaondolewe kwa saa 12, muda usiotosha hata kumtafuta wakili.

Lupaso ndiko alikozaliwa Benjamin Mkapa, mhariri wa The Nationalist na Uhuru kabla ya kuwa Rais, na ndiko alikozikwa Julai 2020. Mhariri alikuwa na jina na ofisi; aliyeonewa alijua pa kwenda kudai. Mzushi wa leo hujificha, na anayekamatwa kwa wepesi ni yule aliyeandika jina lake.

Wabunge, mkiigusa tena sheria hiyo, mpeni huyo hakimu kwanza, kabla ya askari.