Jua la Mwezi wa Saba

Wahenga walituachia onyo: usisafirie nyota ya mwenzio. Baharia anayeng'oa nanga kwa kuitegemea bahati ya mwingine asije akalaumu miamba. Kwa miaka mingi nimelitumia onyo hilo darasani kama kiboko cha kuwaadhibia wanafunzi wapendao kuiga. Leo, mpenzi msomaji, sina budi kukiri hadharani kwamba kiboko hicho kilinigeukia mimi mwenyewe, na aliyekigeuza alikuwa binti wa Kidato cha Tatu.

Wakati huo nilikuwa nikifundisha Kiswahili katika shule moja ya nyanda za juu za Embu, kule ambako mashamba ya majani chai yanapakana na msitu wa Mlima Kenya. Niliwapa wanafunzi insha ya masimulizi kuhusu arusi ya kijijini. Binti huyo aliandika kwamba bibi arusi alitoka nje kama jua la mwezi wa saba, nao waliokuwa wameganda wakasogea kumwota. Nilitwaa kalamu nyekundu, nikaupigia usemi huo mstari, kisha nikaandika pembeni: "Tashbihi si sahihi. Uzuri wa mwanamke hulinganishwa na mwezi. Jua huunguza." Nikampunguzia alama mbili.

Siku iliyofuata alibisha hodi kwenye chumba cha walimu, daftari mkononi. Aliniambia kwa adabu, macho yakitazama sakafu, kwamba alikuwa ameona kwenye simu ya kaka yake tamthilia ya mapenzi kutoka Thailandi, na kwamba jina la mwanamke anayependwa katika tamthilia hiyo maana yake ni jua. "Kwani mwalimu, jua la kwao haliunguzi?" akauliza. Nilimjibu kwa methali ile ya nyota ya mwenzio. Walimu wenzangu wakacheka. Binti akaninamia kidogo, akaenda zake.

Swali lake, hata hivyo, halikwenda naye. Lilibaki mezani pangu, na baada ya majuma kadhaa niliona heri niitafute hadithi hiyo niijue. Inaitwa Khu Kam, jina ambalo kwa Kithai lina maana ya wawili waliofungwa pamoja na matendo yao. Ilianza kama riwaya ya mwandishi Thommayanti katika miaka ya 1960, ikafanywa filamu na tamthilia za televisheni mara nyingi. Maarufu zaidi kati ya tamthilia hizo ni ile ya mwaka wa 1990, ambamo mwimbaji Thongchai McIntyre aliigiza kama Kobori, afisa wa jeshi la majini la Japani. Majeshi ya Japani yaliingia Thailandi mwezi wa Desemba mwaka wa 1941, na Kobori anafika Bangkok pamoja nayo. Anampenda msichana wa Kithai aitwaye Angsumalin. Msichana naye ameahidi kumngoja kijana wa kwao aliyekwenda masomoni Uingereza. Wanaozwa kwa sababu za siasa. Moyo wa mke unalainika pole pole, lakini ulimi unakataa kukiri, kwa sababu mumewe ni askari wa jeshi lililoikalia nchi yake. Anakiri siku ambayo Kobori anakata roho baada ya mabomu ya ndege za adui zake kuanguka.

Jina Angsumalin lina asili ya Kisanskriti, nalo ni jina la jua: yule aliyevikwa taji la miali. Hivyo mwanamke ni jua, na mwanamume anatoka katika nchi ambayo bendera yake ni jua. Hadithi nzima imejengwa juu ya jua ambalo halitaki kuonyesha mwanga wake mpaka wakati wa machweo. Binti yule alikuwa amesema kweli.

Nilipozidi kuchungua niligundua kwamba Wathai hawako mbali nasi kama nilivyodhani. Neno lao moja, duean, ndilo mwezi wa angani na ndilo mwezi wa kalenda, sawasawa na neno letu. Neno lingine, duang, hutumika katika kuhesabia jua, mwezi na nyota. Neno hilo hilo limo katika jina la moyo wa mpenzi, na likisimama peke yake huwa na maana ya bahati ya mtu. Nasi je, hatusemi kwamba fulani ana nyota njema? Isitoshe, wana usemi kuhusu sungura anayeutamani mwezi, wakimaanisha maskini aliyempenda mwanamke wa tabaka la juu. Kwetu sungura ni mjanja asiyeshindwa. Kwao anakaa chini usiku kucha akitazama asichoweza kukifikia.

Hapo ndipo nilipolazimika kujiuliza swali ambalo nilipaswa kujiuliza kabla ya kushika kalamu nyekundu. Mimi mwenyewe niliipata wapi sheria kwamba uzuri ni mwezi na kwamba jua ni adui?

Niliipata kwa walimu wangu, nao waliipata katika vitabu, navyo vitabu viliipata pwani. Lamu, Mombasa na Unguja ni miji ya joto. Mchana, jua la utosi humfukuza mtu barabarani. Jioni upepo huanza kuvuma, watu hutoka kukaa barazani, na mbalamwezi huwapa mwanga usiotoza jasho. Tena mwezi mwandamo ndio ufunguao mfungo wa Ramadhani na ndio uletao Idi. Mshairi wa pwani aliyemwita mpenzi wake mwezi hakukariri orodha ya tashbihi. Alisema alichokijua kwa ngozi yake. Na hata huko pwani sheria yangu haikuwa kamili: wako wanawake waitwao Badria, kutokana na mwezi mpevu, na wako waitwao Shamsa, kutokana na jua. Wazazi wao hawakuwatakia kuunguza mtu.

Sasa tupande tena hadi Embu. Mstari wa Ikweta unaikata barabara kati ya mji wa Meru na Nkubu, kwa hiyo mchana na usiku wetu hukaribia kulingana mwaka mzima. Baridi yetu ya Julai haitokani na ufupi wa mchana. Inatokana na mwinuko wa nchi na mawingu mazito yanayolala juu ya miteremko ya mlima, pengine kwa siku kadhaa mfululizo. Jua lipo pale pale, ila limejifunika. Ukungu hushuka hadi kwenye paa za nyumba, nguo hukataa kukauka kwenye kamba, watoto huenda shuleni wakipuliza moshi midomoni. Aliye na kahawa ya kukaushwa mezani hutazama juu mara mia. Basi lile jua likipasua ukungu mnamo saa sita, mtu huiacha kazi yake kidogo, akatoka nje, akaegemea ukuta, akaota jua.

Kumbe binti yule hakuwa amesafiria nyota ya Wathai! Tamthilia ilimpa ujasiri tu wa kusema alichokiona nyumbani kwao kila Julai. Bibi arusi aliyetoka nje ndiye jua lililotoka mawinguni, na wageni walioganda ndio majirani zake. Mimi niliyemwonya dhidi ya nyota ya kuazima ndiye niliyekuwa nikisafiri milimani kwa nyota ya Lamu.

Msomaji atasema nimelipendelea jua la milimani. La hasha. Teremka kutoka Runyenjes hadi Ishiara, Siakago na Kiritiri, katika nchi ya Mbeere, au kutoka Chuka hadi Tharaka, safari isiyomaliza nusu siku. Huko mvua ni haba, pojo na mtama hunyaukia shambani, na mwanafunzi akikuandikia kwamba mpenzi wake ni jua, una haki ya kumuuliza kama wamegombana. Kaunti moja, lugha zinazoelewana, na jua lile lile, lakini maana mbili zinazopingana. Shakespeare naye, katika nchi yake ya baridi, alimfanya Romeo amwite Juliet jua, kisha akamfanya Juliet aukatae mwezi usitumiwe kuapia, kwa kuwa hubadilika kila mwezi.

Wala wazee wetu hawakungoja vitabu ili waitie mianga ya angani katika simulizi zao. Wameru husimulia kwamba mababu zao walitoka kisiwa kiitwacho Mbwaa, wakivuka maji makuu. Waliovuka usiku wakaitwa Njiru, weusi. Waliovuka alfajiri wakaitwa Ntune, wekundu. Waliovuka mchana wakaitwa Njeru, weupe. Rangi hizo hazihusu ngozi wala uzuri. Zinahusu saa ambayo mtu alikombolewa. Waembu nao husimulia juu ya Mwenendega, baba yao wa kwanza, ambaye Mungu alimpa mke mzuri penye maporomoko ya maji karibu na mahali ulipo mji wa Runyenjes leo. Katika simulizi hiyo ya mapenzi, uzuri haukushuka kutoka jua wala mwezi. Ulikutwa majini, kama inavyofaa nchi ya mito itokayo mlimani. Baadhi ya wanahistoria wameitafuta Mbwaa katika visiwa vya pwani ya Kenya. Ikiwa ndivyo ilivyokuwa, basi Lamu na Meru ni majirani wa zamani, na hakuna sababu ya taswira ya mmoja kuifukuza ya mwenziwe.

Mwalimu mwenzangu mmoja, ambaye uzoefu wake naustahi, alinipinga vikali nilipomweleza haya. Alisema mtihani wa taifa ni mmoja, na kwamba insha ya mtoto wa Meru huenda ikasahihishwa na mtu wa Mombasa. Kila mmoja akijitungia ishara zake, akauliza, lugha itabaki ya nani? Hoja hii ina uzito, na sitaki kuipuuza. Mwanafunzi asiyeujua mwezi wa washairi wa pwani amenyimwa urithi wake, nasi tutakuwa tumemdhulumu. Lazima tumfundishe.

Lakini kuna njia ya kutenganisha taswira hai na taswira ya kuigwa, nayo haihitaji orodha. Katika darasa lile lile mvulana mmoja aliandika kwamba wapenzi wake wawili walikutana siku ya theluji ya kwanza ya mwaka. Aliyatoa hayo katika tamthilia za Korea, ambako theluji ya kwanza ni ahadi ya mapenzi. Sisi theluji yetu tunaiona kwa mbali kileleni, na haina siku ya kwanza wala ya mwisho. Nilimuuliza inahisije mkononi, akacheka. Usemi ule niliufuta, na ningeufuta hata leo. Binti wa jua alikuwa tofauti, kwani sababu ya taswira yake aliiweka ndani ya sentensi yenyewe: walioganda, wakasogea, kumwota. Msahihishaji wa Mombasa, hata kama hajawahi kuvaa sweta, angeelewa. Taswira inayobeba sababu yake haipotei njiani.

Na yapo mengine niliyoyaona nikiwa nimekwisha chelewa. Jua lake lilikuwa jua la mwezi wa saba. Mwezi niliomdai aulete ulikuwa umo mumo humo, kando ya jua, nami niliupiga mstari mwekundu bila kuuona.

Laiti mambo yangeishia kwenye alama mbili. Katika insha iliyofuata aliandika kwamba msichana fulani alikuwa mrembo kama mbalamwezi. Katika iliyofuata hiyo, mrembo kama hurulaini. Hapakuwa na kosa lolote la kurekebisha, nami nilimpa alama nzuri, na alama zake zikaendelea kupanda hadi alipomaliza shule. Lakini tangu siku ile ya kicheko katika chumba cha walimu, sikusoma tena katika daftari lake sentensi ambayo yeye peke yake ndiye angeweza kuiandika. Nilikuwa nimefaulu kumfundisha. Alikwisha ondoka shuleni nilipofahamu nilichokifanya, na alama mbili zile sina tena daftari la kuzirudishia.

Ndiyo maana nawaandikia ninyi, walimu wenzangu. Mtakapokutana na jua au mwezi mahali msipopatarajia, iwekeni kalamu nyekundu chini kwa dakika moja, mkamuulize mwanafunzi: umeliona wapi jua hili? Akishindwa kujibu, futeni. Akiwaonyesha dirisha, tazameni nje pamoja naye. Nanyi wanafunzi, zijueni nyota za Lamu, za Bangkok na za London, kwa maana anga ni moja. Ila mtakapoandika, anzeni na ile iliyo juu ya paa la nyumba yenu.