GOTI YA CHUMA KWA MUZEE SANA: HATARI IKO WAPI?



Katika jamaa mingi za hapa Lubumbashi kunatokea shauri hii: kambo hawezi tena kutembea sababu ya goti, watoto wanachanga franga wamupeleke Zambia, Afrika ya Kusini ao India, wamuwekee goti ya chuma. Wengine wanakataa: “Atakufia kule!” Nani anasema kweli?

Munganga anakata sehemu za mifupa zilizoharibika, anazifunika na chuma, na katikati anaweka plastiki ngumu. Kati ya magoti 100 ya namna hii, karibu 82 yanadumu miaka 25. Basi kwa kambo wa miaka 85, kuogopa kwamba chuma itachakaa ni bure.

Hatari iko kwingine. Moyo unaweza kushindwa. Damu inaweza kuganda katika mguu na kupanda mpaka kwenye mapafu. Siku za kwanza akili inaweza kuchanganyika: muzee anaamuka usiku, hajui ni wapi, anaanguka. Na vijidudu vikiingia kwenye chuma, mara mingi dawa peke yake haitoshi, inafaa kupasula tena. Kwa wagonjwa wa kila umri, wanaokufa katika miezi 3 ya kwanza hawafiki 1 kwa 100. Kwa wenye kupita miaka 80 hatari ile inaongezeka mara kadhaa, hata hivyo walio wengi wanapona.

Tena umri peke yake hausemi yote. Mama ya Malkia Elizabeth II wa Uingereza alibadilishwa nyonga mwaka 1995, akiwa na miaka 95, na ingine mwaka 1998. Akaishi mpaka 101. Daniel arap Moi, aliyekuwa Rais wa Kenya, alienda Israel mwaka 2018 sababu ya goti, na miaka yake 93; akaishi karibu miaka miwili tena. Lakini hao walikuwa na waganga pembeni yao kila siku.

Kambo wetu yeye atarudi na basi, saa mingi amekaa mguu umekunjwa, apange mustari pale Kasumbalesa. Njo vile damu inaganda! Munganga aliyemupasula amebaki ngambo. Kidonda kikivimba juma la tatu, nani atakiangalia? Mimi ningeuliza hiyo mbele ya kuuliza bei. Na mbele ya safari wapime moyo, sukari na wingi wa damu, watunze meno yaliyooza, sababu vijidudu vinaweza kutoka pale.

Kama maumivu inakuja tu kwenye ngazi, fimbo, mazoezi na dawa zinaweza kutosha. Kama halali tena usiku, shauri ni ingine. Na katika mikutano ile ya jamaa, mara mingi kambo mwenyewe hawamuulize.