Pua na Nondo: Ufuaji wa Kisu cha Kuwindia na Msamiati Wake

1. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi kisu cha kuwindia kinavyofuliwa kwa mkono kutokana na mche wa chuma, na papo hapo kuyachunguza maneno yanayoiongoza kazi hiyo. Huenda msomaji akauliza kwa nini jarida la lugha lishughulike na mambo ya wahunzi. Jibu letu ni kwamba istilahi haiwezi kupimwa mezani peke yake. Neno la ufundi hupata maana yake kwa kukitenga kitu kimoja na kingine ambacho fundi hathubutu kukichanganya nacho. Mtunga kamusi asiyejua ni nini kinachotengwa, aghalabu huweka neno moja mahali palipohitaji mawili, au mawili mahali palipohitaji moja.

Tuchukue sentensi fupi ambayo yeyote kati yetu angeweza kuiandika katika tafsiri: "Chukua nondo, uifue, uinoe, upate kisu." Kisarufi sentensi hii haina kosa. Lakini atakayeifuata atafanya kazi ya kutwa nzima, kisha ataambulia kitu chenye sura ya kisu ambacho hakipati. Kosa limo katika nomino ya kwanza, na katika vitenzi viwili ambavyo havikutajwa kabisa. Tutaanza na hiyo nomino.

2. Chuma, pua na nondo

Katika mazungumzo ya kila siku, chuma ni jina la jumla. Kwa mhunzi, hata hivyo, chuma hugawanyika kwa kadiri ya kaboni iliyomo ndani yake. Chuma chenye kaboni kidogo, chini ya asilimia 0.3 hivi, hupindika na kuungika kwa urahisi. Lakini hata kikipashwa moto na kuzamishwa majini, hakipati ugumu wa kutosha kushika makali. Chenye kaboni ya asilimia 0.6 hadi 1.0 kikitendewa yayo hayo, huwa kigumu hata tupa isiweze kukiuma. Hicho ndicho kinachostahili kuitwa pua.

Nondo za kujengea kwa kawaida zimo katika kundi la kwanza, na si kwa bahati mbaya. Mjenzi hutaka nondo ikubali kukunjwa na isikatike ghafla ndani ya zege. Sifa inayomfaa mjenzi ndiyo inayomharibia mhunzi. Kwa sababu hiyo mafundi wengi wa jua kali hawaifui nondo wanapotaka kitu cha kukata, bali hutafuta springi kuukuu ya gari, kwa kuwa bamba lake ni pua yenye kaboni ya asilimia 0.6 hivi. Asiyetaka kubahatisha hununua mche wa pua ambao kiasi cha kaboni yake kinajulikana. Neno mche tunalitumia hapa kama tunavyosema mche wa sabuni: kipande kirefu chenye pande zilizonyooka.

Mwenendo wa neno pua lenyewe unastahili kuangaliwa. Katika maduka na vitabu vya siku hizi, maneno chuma cha pua hutumika sana kwa kile chuma kisichoshika kutu. Chuma hicho hupata sifa yake kutokana na kromiamu, ambayo huzidi asilimia 10, wala si kutokana na kaboni. Na aina zake nyingi, kama zile za vijiko na masufuria, hazikubali kukazwa kwa moto hata kidogo. Hivyo neno lililotaja uwezo wa kuwa kigumu limeanza kutaja uwezo wa kukataa kutu. Kijiko king'aacho daima, na kisu cha mhunzi kinachoweza kushika kutu kwa usiku mmoja, sasa vyaitwa kwa jina moja.

Wala tofauti hii si ngeni katika nchi zetu. Al-Idrisi, katika kitabu alichokikamilisha mwaka 1154, alikitaja chuma miongoni mwa mali za Malindi. Mwaka 1978 Peter Schmidt na Donald Avery walichapisha katika jarida la Science matokeo ya utafiti wao huko Buhaya, Tanzania, wakionyesha kwamba tanuri za kale za huko ziliweza kutoa chuma chenye kaboni. Hoja yao kuhusu namna tanuri hizo zilivyofanya kazi ilijadiliwa sana baadaye. Wamaasai nao walikuwa na wahunzi wao, ilkunono, waliofua mikuki na zile panga fupi ambazo Kiswahili huziita sime. Watu waliokitegemea chuma kiasi hiki hawangeweza kuishi bila kujua kipi hukaza na kipi hakikazi.

3. Kiwanda na zana zake

Kitenzi cha msingi ni fua. Kiswahili hukitumia kwa chuma, kwa nguo na kwa nazi, na katika matumizi yote kuna wazo la kupiga ili kukitoa kitu katika hali moja na kukiingiza katika nyingine. Katika Kikuyu kitenzi cha uhunzi ni tura, na mhunzi ni mũturi. Msomaji wa isimu linganishi ataitambua mara moja f ya Kiswahili ikisimama mahali pa t.

Mhunzi hupiga juu ya fuawe kwa nyundo, hushika kwa koleo, hukata kwa tindo, na huuchochea moto wa makaa kwa mvukuto. Kazi hiyo ya mvukuto huitwa kuvukuta. Kisu nacho kina sehemu zake: kengee ni ile sehemu yote ya kukatia, ubapa ni upande wake mpana, mgongo huelekeana na makali, msuka ni ule mkia uingiao ndani ya kipini, na noleo ni pete ya madini inayokikaza kipini kisipasuke. Kisu kikikata vizuri husemwa kuwa chapata. Kikipoteza makali kimesenea. Tunayataja maneno haya kwa sababu yako tayari, na mfasiri anayebuni "mkia wa kisu" au "pete ya mpini" anabuni mahali pasipo na upungufu.

4. Hatua za kazi

Mche unaofaa kwa kisu cha kuwindia ni wa upana wa milimita 30, unene wa milimita 5, na urefu wa milimita 250 hivi. Mhunzi huupasha moto mpaka uwe wa rangi ya chungwa inayoelekea manjano, yaani baina ya nyuzi 900 na 1,100 za Selsiasi. Ukifika weupe na kuanza kutoa cheche, pua imeungua, na hakuna nyundo itakayoiponya. Ukififia na kuwa na rangi ya damu ya mzee, hauna budi kurudishwa motoni, kwa maana pua inayopigwa ikiwa imepoa hupata nyufa.

Kwanza hutengenezwa ncha, kwa kuipiga pembe moja ya mwisho wa mche mpaka iingie ndani. Kisha mche huwekwa kwenye ukingo wa fuawe, nyundo ikatenga kengee na msuka; msuka hurefushwa na kupunguzwa polepole. Hatimaye hufuliwa makali. Hapa ndipo mwanafunzi hushangaa: kila nyundo inapopunguza unene upande wa makali, upande huo hurefuka, na kengee yote hupinda kuelekea mgongoni. Mhunzi mzoefu hulijua jambo hili kabla halijatokea. Huipinda kengee kwanza kuelekea upande wa makali, ili kazi ya nyundo iinyooshe yenyewe. Makali hayafuliwi mpaka yawe membamba kabisa. Huachwa na unene wa milimita 1 hivi, kwa kuwa yakizidi wembamba yatapindika au kupasuka katika hatua ya hatari inayokuja.

Baada ya kufuliwa, kengee hupashwa moto hadi wekundu na kuachwa ipoe hewani bila kuguswa, mara tatu. Kwa nje hakuna kinachoonekana kubadilika. Kwa ndani, chembe zilizokuzwa na moto mkali hurudi kuwa ndogo, na mikazo iliyoachwa na nyundo huondoka. Ndipo tupa inapopitishwa kusawazisha ubapa na kukamilisha umbo.

Sasa huja saa ya kisu kuwa kisu. Kengee hupashwa moto taratibu, na mhunzi huijaribu kwa sumaku mara kwa mara. Katika nyuzi 770 hivi sumaku huacha kuivuta. Joto huongezwa kidogo, kufikia nyuzi 800, kisha kengee huzamishwa mara moja, ncha ikitangulia, katika mafuta yaliyopashwa hadi nyuzi 50 au 60. Kaboni iliyokuwa imeyeyukia ndani ya chuma haipati nafasi ya kujitenga, hunaswa humo humo, na chembe za chuma hukazana. Tupa ikipitishwa juu yake huteleza kama juu ya kioo. Maji yangeweza kutumika, lakini upoaji wake ni wa haraka mno, na kengee nyingi hupasuka ndani yake kwa mlio ambao mhunzi hausahau.

Hata hivyo kisu hakijawa tayari. Katika hali hii pua ni ngumu kama kioo, na kama kioo huvunjika. Kikianguka sakafuni chaweza kukatika vipande viwili. Kwa hiyo kengee husuguliwa mpaka ing'ae, kisha hupashwa moto tena, safari hii kwa upole, mpaka usoni pake ionekane rangi ya nyasi kavu, baina ya nyuzi 200 na 230. Rangi hiyo ikipita, hufuata kahawia, kisha zambarau, kisha buluu karibu na nyuzi 300. Buluu yaifaa springi, ila kwa makali ya kisu ugumu utakuwa umepungua mno. Kinachobaki ni kukaza msuka ndani ya kipini, cha mpingo kwa mfano, kutia noleo, kunoa, na kushona ala ya ngozi.

5. Vitenzi vitatu vinavyohitajiwa

Katika maelezo hayo msomaji ameona kengee ikipashwa moto mara nyingi na kupoa mara nyingi, na kila mara kwa kusudi tofauti. Mfasiri asiyeona tofauti hiyo huandika kupasha moto na kupoza kila mahali. Matokeo yake si ya kinadharia. Mwanafunzi wa chuo cha ufundi akisoma "ipoze" pale ilipopasa kengee iachwe hewani, akaizamisha, huenda ikapasuka. Akisoma "ipoze" pale ilipopasa izamishwe, akaiacha hewani, hatapata ugumu wowote. Na asiposoma lolote kuhusu moto wa mwisho, atampa mwenzake kisu kitakachovunjika mkononi.

Tunapendekeza, basi, mgawanyo huu. Kupoza libakie kwa upoaji wa taratibu hewani, kwa kuwa ndiyo maana yake ya kawaida. Kuzamisha litumike kwa upoaji wa ghafla ndani ya mafuta au maji, kwa kuwa linataja tendo lenyewe na halimwachii msomaji nafasi ya kukosea. Kwa moto wa mwisho wengine hupendelea kulainisha. Neno hilo hatuliafiki, kwani linaashiria kwamba ugumu umeondolewa, hali uliopunguzwa ni ukorofi wa pua tu. Kutuliza lingefaa zaidi: mtu aliyetulizwa hakunyang'anywa nguvu zake, ila amezitia adabu. Na katika nomino, pua lirudishiwe kazi yake ya asili, yaani chuma chenye kaboni ya kutosha kukaza. Kile kingine kiitwe kwa sifa yake, chuma kisichoshika kutu, ijapokuwa jina hilo ni refu zaidi.

6. Hitimisho

Nchini Kenya uwindaji wa wanyama wa mwituni ulipigwa marufuku mwaka 1977, na kisu cha kuwindia sasa huchuna mbuzi na ng'ombe kuliko swala. Jina limebaki ingawa kazi imebadilika, na katika hilo hakuna madhara. Madhara hutokea pale kazi inapobaki vile vile na jina likahama, kama lilivyohama jina la pua.

Wazee husema kwamba mwenye kisu kikali ndiye mla nyama. Istilahi nazo hunolewa, lakini hazinoleki zikiwa zimefuliwa kutokana na nondo. Kabla hatujaketi kuamua neno, yatupasa tusimame kwa muda karibu na fuawe, tumwulize mhunzi ni vitu gani viwili ambavyo yeye hathubutu kuvichanganya.