Diski Isiyolika Haikati

Nilipokuwa namalizia jiko langu, fundi alikuja na slabu ya granaiti, grinda, na diski moja ya almasi aliyoitumia wiki nzima kukatia matofali ya saruji. Kwenye matofali ilikuwa ikipita kama inakata muhogo mbichi. Kwenye granaiti iliingia milimita chache tu, ikaanza kulia kwa sauti nyembamba, ukingo wake ukabadilika rangi. Akaikandamiza zaidi. Ukatoka moshi.

"Kaka, hii diski feki," akaniambia, ameshachomoa waya ukutani.

Mzee aliyekuwa akipiga plasta chumba cha pili alisikia kelele zile akaja. Akasubiri diski ipoe, akapitisha kidole ukingoni. Palikuwa laini kama kioo. "Si feki, kijana. Imefumba macho. Lete tofali." Akalichanja tofali la saruji mara nne tano, juu juu, kisha akairudisha grinda kwenye granaiti. Ikakata! Haikufika mbali, ikafumba tena.

Siku ile sikuelewa tofali lilifanya nini. Leo nadhani hilo ndilo jambo la kwanza ambalo kila anunuaye diski angepaswa kulijua.

Diski ya almasi haina meno kama msumeno wa mbao. Hata ile yenye mapengo ukingoni, vipande vyake si meno. Mapengo yale yapo ili kupitisha hewa na kutoa unga. Kinachokata ni punje za almasi, nyingi zisizofika nusu milimita, zilizochanganywa na unga wa metali kama kobalti, shaba na chuma, kisha vikashindiliwa na kupashwa joto mpaka vikashikamana. Metali hiyo nitaiita kishikizi. Kazi yake ni kuishika punje wakati inasaga jiwe, na punje ikishakuwa butu, kuiachia ianguke ili nyingine iliyofukiwa chini yake ichomoze. Ni lazima basi kishikizi kilike. Kisipolika, punje butu hubaki mahali pake, ukingo unasuguliwa ukawa laini, na hapo diski haikati tena, inasugua tu na kuchemka. Ndiyo maana ya kufumba macho. Mchanga wa lile tofali ulikwangua kishikizi, ukazifunua almasi mpya.

Kwa hiyo kinachoamua diski ipi inafaa ni unga unaotoka kwenye kile unachokikata. Tofali la saruji ni laini, lakini mchanga wake ni kwatzi, na chembe zake hung'oka upesi na kukisugua kishikizi kama msasa. Ukilikata kwa diski yenye kishikizi laini, almasi zitadondoka zingali kali na diski itakwisha kabla ya kazi. Tofali linataka kishikizi kigumu. Granaiti ni kinyume chake: ni ngumu, inazifanya punje ziwe butu haraka, ila unga wake ni mwembamba na haukwangui sana. Inataka kishikizi laini, kinacholika chenyewe bila kubembelezwa. Wengi hudhani jiwe gumu linahitaji diski ngumu, na hapo ndipo fedha inapopotea. Diski ya fundi wangu ilikuwa nzima kabisa, ila ilitengenezwa kwa ajili ya kazi nyingine.

Kipimo cha ugumu tulichofundishwa shuleni, kile cha Friedrich Mohs cha mwaka 1812, chenye ulanga kwenye 1 na almasi kwenye 10, hakitoshi kukuchagulia diski. Kwatzi ya kwenye granaiti na kwatzi ya kwenye mchanga wa tofali zote zina ugumu wa 7. Tofauti ni kwamba moja imefungwa ndani ya jiwe, nyingine imeshikwa kwa saruji kidogo.

Zege ndilo linalochanganya zaidi, kwa sababu hubadilika kadiri siku zinavyokwenda. Sakafu iliyomwagwa jana, inapochanjwa mistari ili isipasuke ovyo, bado haijaushika mchanga wake barabara. Inakwangua vibaya, na diski yake huwa na kishikizi kigumu. Lami nayo ni hivyo hivyo. Zege lililokomaa ni habari nyingine, na hapo uliza kokoto zake zimetoka wapi. Mafundi wa Dar es Salaam wanaijua tofauti ya kokoto za Kunduchi, ambazo ni chokaa ya matumbawe, na kokoto za Lugoba, ambazo ni mwamba mgumu hasa. Nguzo mbili zinazofanana kwa macho zinaweza kuila diski kwa namna mbili tofauti.

Kwa vigae, tazama umbo la ukingo kwanza. Ukingo wenye mapengo hugonga kigae kila pengo linapopita, na rangi ya juu inabanduka. Chukua ukingo mzima usio na pengo, mwembamba, na ukate kwa maji, maana bila mapengo hauna njia nyingine ya kupoa. Vigae vya poseleni huchomwa kwa joto la nyuzi 1,200 hivi na ni vigumu kuliko vya kawaida vya ukutani, kwa hiyo vinadai diski yake yenyewe.

Chuma kitupu usikikate kwa diski ya almasi ya kawaida. Nondo moja iliyomo ndani ya zege inavumilika, lakini almasi ni kaboni, na kaboni ikipata joto kali huvutwa na chuma na kuyeyukia humo. Hata hewani tu, ikipita nyuzi 700 hivi huanza kuungua. Tumia jiwe la kukatia chuma, tena ni rahisi zaidi. Almasi hizi, kwa kweli, karibu zote hazichimbwi Mwadui wala kwingineko. Hutengenezwa viwandani, kwa njia iliyofunguliwa na H. Tracy Hall na wenzake wa General Electric, Marekani, mwezi Desemba 1954.

Kuna kosa ninaloliona kila mara likiniogopesha. Fundi anavua kava ya grinda ndogo ili aingize diski kubwa. Grinda ile huzunguka mara 11,000 kwa dakika. Ikiwa na diski yake ya milimita 115, ukingo unakwenda kama kilomita 240 kwa saa. Ukiifunga diski ya milimita 180, mwendo unapita kilomita 370, wakati diski nyingi zimetengenezwa zisizidi 288. Ikipasuka, hakuna kava ya kukinga uso.

Na vumbi. Lile jeupe linaloelea baada ya kukata zege au granaiti lina silika, laini kiasi cha kushuka hadi ndani kabisa ya mapafu na kuacha makovu. Ugonjwa wake, silikosisi, hauna tiba. Maji hulituliza vumbi palepale linapozaliwa, lakini kwa mashine iliyotengenezwa kukata kwa maji tu, si kwa kuimwagia grinda ya umeme kutoka kwenye kopo.

Ukienda dukani, mwambie muuzaji utakata nini kabla hujauliza bei. Angalia mizunguko iliyoandikwa kwenye diski, na mshale wa kuonyesha upande inakozungukia. Kisha nunua barakoa zenye chujio la vumbi jembamba, mbili: moja ya fundi, moja ya saidia fundi anayekishika kigae, maana yeye ndiye anayesimama kwenye wingu lile siku nzima.